Sura ya Tisa: Milimita Nne

"Usiguse," Kokushubila alimwambia fundi Mutua kwa mara ya tatu asubuhi ile, na kwa mara ya tatu Mutua akarudisha mkono mfukoni kama mtoto aliyefumaniwa jikoni.

Walikuwa ndani ya ghala moja la mtaa wa Smithfield, ambamo kampuni ya bima huweka magari yaliyokufa yakisubiri kuamuliwa yamekufa kwa nini. Nje malori yalikuwa yakirudi kinyumenyume na kupiga vilio vyao. Ndani palikuwa na baridi ya Juni, ile inayopanda kutoka kwenye saruji mpaka magotini, na katikati ya baridi hiyo ilisimama gari aina ya Falcon ya mwaka 1971. Kuanzia mlangoni kwenda nyuma ilikuwa bado ya rangi ya machungwa. Kuanzia mlangoni kwenda mbele ilikuwa nyeusi tii.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi Machi, bwana mmoja aitwaye Kamande, dalali wa nyumba anayekaa mtaa wa Rooty Hill, alimpelekea Mutua gari hilo abadilishiwe kabureta, yaani kile chombo kinachokaa juu ya injini za zamani kuchanganya hewa na petroli. Siku tisa zilizopita, Jumamosi, gari likashika moto mbele ya nyumba ya Kamande. Hakuumia mtu. Lakini Kamande aliiambia bima kwamba Mutua alimfungia kabureta kubwa kupita kiasi, tena kwa mpira wa petroli usiofaa, na kwamba hakuna mkono mwingine uliogusa injini ile tangu Machi. Ofisi ya leseni za mafundi ikamtuma afisa wake. Afisa huyo angefunga jalada leo hii, saa tisa alasiri, na jalada likifungwa lilivyo, Mutua angenyang'anywa leseni. Fundi asiye na leseni huku ughaibuni haruhusiwi kumtengenezea mteja hata breki. Miaka kumi na moja ya kufagia gereji za watu mpaka akapata ya kwake ingekwisha kwa sahihi moja.

Kokushubila, ambaye watu wote isipokuwa mama yake humwita Koku, alikuwa mpelelezi wa kujitegemea. Bima ilimpa kazi hii kwa sababu nusu ya maelezo ya mashahidi yalikuwa ya Kiswahili. Magari hakuyajua sana, na hakuona haya kusema hivyo. Alichojua ni kupima. Ndani ya mkoba wake, baina ya leso na funguo za nyumba, kulikaa kalipa ya chuma ya kupimia milimita, na kalipa hiyo ilikwisha kuwatoa watu wazima kijasho chembamba.

"Nati nne," alisema, simu yake ikirekodi. "Zote zimekaza. Nafungua ya kwanza."

Spana ililia, nati ikaachia. Ya pili, ya tatu, ya nne. Kabla ya kuinua kabureta aliinama akaimulika ubavuni kwa tochi, akasugua masizi kwa kitambaa.

"Namba iliyopigwa hapa ni ya mia nane na hamsini."

"Hiyo si yangu," Mutua alisema.

"Kadi yako ya kazi inasema mia nane na hamsini. Kwa mwandiko wako."

"Najua job card inasema nini, madam."

"Basi unanipa kazi ngumu, kaka."

Mutua alikuwa Mkamba wa miaka arobaini na kitu, mabega mapana, mpole wa ile aina ya upole inayoponza watu. Na tuseme ukweli: Koku alikuwa amekwisha kumhukumu. Tangu juzi, alipoiona ile kadi, aliamini fundi huyu alifunga kitu kikubwa ili kumridhisha mteja, kisha moto ulipowaka akatafuta pa kujificha. Alikuja ghalani kukamilisha taratibu tu.

Akainua kabureta.

Chini yake, juu ya chuma cha injini, palikuwa na gasketi: karatasi ngumu yenye matundu manne makubwa, inayowekwa baina ya chuma na chuma ili hewa isipenye. Moto ulikuwa umekula kila kitu kilicho juu, lakini karatasi hii iliyobanwa katikati ilikuwa imegeuka kahawia pembeni tu. Koku aliipiga picha kumi na mbili. Kisha akatoa kalipa.

"Tundu la gasketi. Milimita arobaini." Akageuza kabureta tumbo juu. Ndani ya midomo yake minne kulikuwa na visahani vya shaba ambavyo hufunguka dereva akikanyaga mafuta; mafundi huviita vipepeo. "Kipepeo cha kabureta. Milimita arobaini na nne."

Alisita. Akapima tena, lile tundu na kile kipepeo. Kalipa haikubadili neno lake.

"Madam," Mutua alisema kwa sauti ya chini, "hiyo gasketi ni yangu."

"Usiguse."

"Sigusi. Lakini ni yangu. Angalia ukingo wa hizo matundu. Hizo ni alama za nyundo. Gasketi ya dukani inakatwa na mashine, haina alama. Hiyo niligonga na mkono."

Koku akaileta tochi karibu. Kweli, ukingo wa kila tundu ulizungukwa na vidoa vidogo vya mviringo vilivyofuatana. Na palikuwa na kitu kingine, ambacho Mutua kutoka pale aliposimama hakuweza kukiona: kwenye kila tundu, upande mmoja, mchubuko mwembamba wa nusu mwezi, msafi, mpya.

"Gereji yako iko umbali gani?" aliuliza.

"Mlango wa nane kutoka hapa."

"Twende. Na mikono mfukoni."

Gereji ya Mutua ilikuwa safi kuliko majiko mengi. Kwenye kona, ndani ya fremu ya chuma yenye rejeta na tangi dogo, palisimama injini nyingine ya V8, ndugu wa ile iliyoungua, ambayo Mutua aliitumia kujaribia vitu kabla ya kumfungia mteja. Koku alivuta kiti cha plastiki, akaweka mezani ile kadi ya kazi, kabureta ndani ya kitambaa na gasketi ndani ya mfuko wa ushahidi.

"Nifundishe," alisema. "Kabureta inachaguliwaje?"

"Watu wengi wanachagua na macho. Kubwa ndiyo tamu." Mutua alichukua chaki, akaanza kuandika kwenye mlango wa kabati. "Hii namba, mia sita, mia nane hamsini, ni futi za ujazo wa hewa inaweza kupitisha kwa dakika moja. Na kila injini iko na kiasi yake ya pumzi. Hii ujazo wake ni inchi mia tatu hamsini na moja. Mara mizunguko ya kila dakika. Ni gari ya barabara, haipiti elfu tano mia tano. Gawanya na elfu tatu mia nne hamsini na sita."

Koku alibonyeza simu. "Mia tano hamsini na nane na nusu."

"Hiyo ni kama inavuta pumzi yote. Hakuna injini ya barabara inavuta yote. Chukua asilimia themanini na tano."

"Mia nne sabini na nne na kitu."

"Sasa mia sita si inatosha na kubaki? Na ile gari ni automatic. Inataka kabureta inafungua mdomo ya nyuma polepole, yenyewe, vile injini inahitaji. Mia nane hamsini ni ya mashindano. Ukiweka hapo inazama kwa petroli, inakohoa tu kama mzee."

"Kama uliyajua yote haya, kwa nini uliandika mia nane na hamsini?"

Mutua alishusha pumzi ndefu. "Kamande alipoleta gari alisema anataka hiyo. Nikaandika vile mteja amesema. Baadaye nikapiga hesabu, nikamcall. Nikamwambia, brathe, hiyo itakuharibia gari, wacha nikuwekee mia sita niliyotengeneza mwenyewe. Akasema sawa, fundi ni wewe. Tukaelewana."

"Kwa mdomo."

"Kwa mdomo."

"Na kadi ikabaki hivyo hivyo."

"Dada, huyo ni mtu tunaketi naye bench moja kanisani miaka minane. Nimwambie aje asign?"

Kosa hilo Koku alikuwa amelikuta katika majalada mengi kuliko vidole vyake. Mzungu akileta gari, mafundi wetu huandika mpaka idadi ya skrubu. Akija mtu wa nyumbani wanaona kalamu ni matusi. Rekodi ya simu ya Mutua ilionyesha kweli alimpigia Kamande siku ile, dakika nne, lakini dakika nne zinaweza kuwa za kabureta au za kwaya.

"Gasketi," alisema. "Kwa nini uligonga kwa mkono, na madukani zimejaa?"

"Ilikuwa Jumapili, duka za spare zimefungwa, na ile kabureta yangu haikuwa na gasketi yake. Lakini hata ingekuwa Jumatatu..." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mimi nimefunzwa nyumbani, Kariobangi. Unalaza karatasi juu ya kabureta yenyewe, unagonga polepole na nyundo ya kichwa cha mviringo. Ukingo wa chuma ndio unakata. Inatoka na size ya ile chuma kabisa, haiwezi kudanganya."

Koku alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Sema tena."

"Ati inatoka na size ya..."

"Ukingo wa chuma ndio unaokata. Kwa hiyo tundu la arobaini limekatwa na mdomo wa arobaini."

"Si ndiyo? Ya mia sita ni arobaini. Huwezi kugonga tundu ya arobaini kwa mdomo ya arobaini na nne. Nyundo itatoboa mahali chuma iko."

"Kaka Mutua," Koku alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa imebadilika, "ile karatasi uliyokatia, makombo yake uliyatupa wapi?"

Mutua alimtazama kama aliyeulizwa amemtupa wapi mama mzazi. "Kutupa? Gasketi hatutupi."

Aliinyooshea kidole misumari iliyopangwa ukutani. Kwenye wa tatu ilining'inia karatasi ya gasketi, pana, ikiwa na uwazi katikati. Pembeni yake, kwenye waya, vilikuwa vimetungwa visahani vya karatasi vya kila ukubwa. Mafundi wa Kariobangi huvihifadhi ili baadaye wavitoboe vipete vya kuweka chini ya nati. Koku alivaa glavu, akatoa gasketi iliyoungua kutoka kwenye mfuko wa ushahidi, akailaza taratibu ndani ya ule uwazi. Ikaingia. Hata kona moja, pale nyundo ilipoteleza na kuacha jino, ilikutana na pengo lake kwenye karatasi. Kisha akapitisha visahani vya kwenye waya kimoja kimoja mpaka vinne vikaziba matundu manne, alama za nyundo zikitazamana na alama za nyundo.

Furaha ilimpanda Koku mpaka masikioni. Alitamani kupiga vigelegele, lakini mpelelezi hapigi vigelegele kwenye rekodi.

"Hii inaonyesha ulichofunga," alisema. "Bado hatujaonyesha nani alikifungua. Mwite Kamande aje saa nane na nusu. Mwambie namtaka kwa maelezo ya mwisho tu. Afisa nitamwita mimi."

Kamande alifika saa nane na dakika ishirini kwa pikapu nyeupe, akiwa na koti la sufi na viatu vinavyong'aa. Aliegesha mlangoni kabisa. Koku alitoka kumlaki, akampa mkono, akapita kando ya pikapu. Kwenye kifuniko cha tangi palibandikwa neno "dizeli" kwa herufi kubwa. Akapita nyuma, penye sanduku la vyombo lililofungwa kwa kufuli, pua yake ikamwambia jambo. Akaandika mstari mmoja kwenye daftari, akarudi ndani.

Afisa wa leseni alikuwa amekwisha kufika. Aliitwa Thacienne, Mrundi mwembamba mwenye miwani, ambaye kabla ya ofisi alikuwa mhandisi wa pampu za maji Bujumbura.

"Bon," alisema akitazama saa. "Mimi niko na dakika makumi tatu, Madame Koku. Kadi ya huyu bwana iko wazi. Sijui tunatafuta nini ingine."

"Zitatosha. Bwana Kamande, tangu Machi nani amegusa injini yako?"

"Hakuna. Dada, honestly, mimi sina ubaya na Mutua. Nataka tu process ifuatwe."

"Wewe mwenyewe hukufungua kitu?"

"Mimi nauza nyumba. Spana sijui hata kushika."

"Na gari ulilitumia?"

"Kila weekend, miezi mitatu."

"Ulipata kukanyaga mafuta mpaka mwisho?"

Kamande akacheka. Swali lilimfurahisha. "V8? Ukinunua simba, si utataka kusikia akinguruma? Mpaka sakafuni, mara nyingi. Ilikuwa inavuta vizuri sana, hapo siwezi kudanganya."

"Na kabureta ni hii hii?" Koku alifunua kitambaa mezani. Ile mia nane na hamsini ililala pale na masizi yake.

"Hiyo hiyo. Ile alinifungia."

"Asante. Imerekodiwa." Koku alimgeukia Thacienne. "Madame, naomba mikono yako. Ya fundi haitahusika, asije akasingiziwa."

Thacienne alivua koti. Kuna watu ambao ofisi imewafunika tu, haijawaua. Aliilaza kabureta juu ya injini ya majaribio bila gasketi yoyote, akaipachika nati mbili za kuishikilia.

"Sasa, Bwana Kamande, vuta huo mkono wa mafuta. Mpaka mwisho, kama ulivyozoea."

Kamande alikunja mkono wa koti, akavuta. Mkono ulikwenda mpaka mwisho, vipepeo vinne vikasimama wima.

"Si unaona? Inafunguka."

"Naona. Madame, tunaitoa."

Koku aliweka gasketi iliyoungua juu ya karatasi mpya. Thacienne mwenyewe akaichora kwa penseli, akaikata kwa wembe, tundu kwa tundu, akapima kila moja kwa kalipa: arobaini, arobaini, arobaini, arobaini. Akaipachika chini ya kabureta, akakaza nati zote nne.

"Tena," Koku alisema.

Kamande akavuta. Mkono ulifika nusu ukagota. Akavuta tena. Kutoka chini ulisikika mkwaruzo mdogo wa shaba ikikutana na karatasi, na mkono ukakataa kabisa.

"Imekwama. Ni masizi."

"Mara ya kwanza haikuwa na masizi?"

"Labda... hiyo karatasi imekatwa vibaya."

"Imekatwa na afisa wa leseni, mbele yako."

Thacienne alimtazama Kamande juu ya miwani. Kamande akavuta kwa nguvu zaidi, na alipoachia mkono haukurudi. Ulibaki pale pale, vipepeo vimeng'ang'ania karatasi. Thacienne akafungua nati, akainua kabureta. Kwenye karatasi mpya, kwenye kila tundu, upande mmoja, palikuwa na mchubuko wa nusu mwezi.

Koku aliilaza gasketi iliyoungua kando yake. Alama zilikuwa zile zile, mahali pale pale.

"Vipepeo vya milimita arobaini na nne, tundu la arobaini," alisema. "Milimita nne. Kwa gasketi hii na kabureta hii, Bwana Kamande, hakuna binadamu aliyekanyaga mafuta mpaka sakafuni. Na miezi mitatu ya kujaribu ingeitafuna karatasi yote. Hii imeumwa mara moja, mbili ikizidi. Maana yake kabureta hii haikukaa hapa miezi mitatu. Ilikaa siku moja."

"Basi Mutua alifunga vibaya! Alikata gasketi ndogo, akaweka kabureta kubwa!"

"Fundi, mwonyeshe ukuta."

Mutua alileta ile karatasi kutoka kwenye msumari na ule waya. Koku aliweka gasketi ndani ya uwazi wake, visahani ndani ya matundu, na kumweleza Thacienne jinsi nyundo na ukingo wa chuma zinavyofanya kazi. Hakuhitaji kumaliza.

"Mais oui," Thacienne alisema akigusa alama kwa ncha ya penseli. "Nyumbani nayo tulikuwa tunagonga hivi, gasketi za pampu. Tundu inafuata chuma. Huyu alifunga kabureta ya arobaini. Donc ile ya arobaini iko wapi?"

"Hilo ndilo swali langu la mwisho," Koku alisema. "Bwana Kamande, pikapu yako ni ya dizeli."

"Ndiyo, so?"

"Sanduku lako la vyombo linanuka petroli. Mtu asiyejua kushika spana ana sanduku la vyombo, na ndani yake mna kitu kilichokuwa na petroli. Unataka kutufungulia mwenyewe, au niandike kwamba umekataa?"

Kamande alimtazama Koku, akamtazama Thacienne, mwisho akamtazama Mutua, na hapo ndipo alipoishiwa. Mabega yalishuka ndani ya koti la sufi. Akatoa funguo mfukoni, akatoka, na wote wakasikia kufuli ikifunguka. Alirudi amebeba kitu kilichofungwa kwa taulo, amekishika kwa mikono miwili.

Mutua alifunua taulo. Kabureta ya mia sita, safi, kila skrubu ikiwa mahali pake.

"Nilikuwa naenda kuirudisha Jumatatu," Kamande alisema. "Nilitaka kwenda nayo gathering ya magari ya zamani Jumapili tu. Mwezi uliopita wazee wa club walifungua boneti wakacheka. Wakaniuliza kama hiyo kitu imetoka kwa mashine ya kukata nyasi. Nikatafuta kubwa. Haikuwa na gasketi, nikaona hiyo yako bado iko poa. Ile paipu yako ya chuma haikufika, hii inaingiza petroli pande mbili, nikaikata nikaweka mpira. Nikawasha. Nikakanyaga, ikakwama, injini ikapiga kelele peke yake, mpira ukachomoka, petroli ikamwagikia injini..." Akafuta uso. "Bima waliponiuliza nani alifunga, jina lako likatoka. Nilishikwa na aibu, Mutua."

Mutua alikuwa na hasira, na haikuwa ya kufichwa. Mishipa ya shingo ilimsimama. Lakini alipoongea hakupaza sauti.

"Siku ya pili ulinipigia simu kuniambia pole. Uliniambia mmeniombea, wewe na mke wako Zilpah."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaniombea nini?"

Kamande akaketi kwenye kiti cha plastiki.

Koku alizima rekodi. Saa yake ilionyesha dakika nane kabla ya saa tisa. "Madame Thacienne, una dakika nane. Ungependa kuona kilichofungwa Machi?"

"Ningependa sana."

"Fundi," Koku alisema, "toa mikono mfukoni."

Mutua akafanya kazi. Alilaza karatasi mpya juu ya mia sita, akachukua nyundo yake, na gereji ikajaa ule mlio, ko-ko-ko, mdogo, wa haraka, usiokosea. Visahani vinne vilidondoka kimoja baada ya kingine. Aliweka gasketi, akashusha kabureta juu yake, akakaza nati kwa kuvuka, hii kisha ya upande wa pili, kidogo kidogo, asije akapinda chuma. Akaunga paipu moja ya chuma. Akajaza petroli kwenye bakuli la kabureta, akavuta mkono wa mafuta mara mbili, akageuza ufunguo.

Injini iliwaka mara moja. Haikukohoa. Ilitulia ikinguruma chini chini, mpaka vikombe vya chai vikaanza kutetemeka mezani. Mutua akauvuta mkono, taratibu, kisha mpaka mwisho, na sauti ikapanda ikajaza gereji yote, ikatoka mlangoni, mpaka mafundi wa jirani wakatoka kutazama. Alipouachia, mkono ulirudi wenyewe, laini. Thacienne alikuwa anacheka waziwazi, ameziba masikio. Na Koku, kwa kuwa rekodi ilikuwa imezimwa, alipiga vigelegele.

Injini ilipozimwa, Thacienne alichukua jalada lake, akachora mstari mmoja mrefu juu ya ukurasa wa kwanza na kuandika chini yake. Akamgeuzia Mutua asome. Mutua alisoma mara mbili, akaweka kiganja juu ya karatasi kama anayehakikisha haitapeperuka, na machozi yakamtoka bila yeye kuhangaika kuyaficha.

"Leseni ni yako," Thacienne alisema. "Lakini kadi zako, monsieur. Kadi zako ni mbaya."

"Najua, madam."

Mutua alikwenda mezani, akaivuta ile kadi ya Machi, akakata "850" na kuandika "600" kando yake, na tarehe ya leo. Kisha akaivusha mpaka kwenye kiti cha plastiki, pamoja na kalamu.

"Brathe," alimwambia Kamande. "Sign hapa."